Matembezi Mbele ya Ocean Road
Dar es Salaam, ukitoka katika jengo la hospitali walilojenga Wajerumani miaka ya 1890, bahari iko ng'ambo ya barabara tu. Leo hapo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Asubuhi moja tulitembea ufukweni na mwenzetu aliyemaliza matibabu. Nywele zimeota, lakini uchovu haujamwacha. Nyumbani wanamdhania mvivu. Tulikwenda polepole, tukivuta pumzi hatua tatu, tukiitoa hatua tatu, masikio yetu kwenye mawimbi. Wataalamu husema mazoezi mepesi na kutuliza mawazo hupunguza uchovu huo, ambao usingizi pekee hauumalizi. Akina mama, mgonjwa wetu akiruhusiwa na daktari, tumpunguzie kazi nzito, kisha tumshike mkono tutembee naye.