Safari na Mbwa: Bosi Kwanza, Raha Baadaye

Wiki hii sina habari za disko wala mitindo ya nywele. Nina kasheshe la nyumbani. Mwenye nyumba wangu hapa Mabatini kanipa hadi mwisho wa mwezi. Namwamkia, "Shikamoo mama," anaitika marahaba vizuri tu, halafu anamalizia: "Mwanangu, mbwa au chumba. Chagua."

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosi. Nilimwokota miaka sita iliyopita kule Mwaloni, Kirumba, bado kitoto, akigombania utumbo wa samaki na makorongo. Babu yangu Bukoba ana shamba la migomba na kakubali kumpokea. Tatizo ni kumfikisha. Kondakta mmoja wa basi nilipomuuliza alicheka hadi akashika tumbo.

Bahati nzuri mshkaji wangu ana pikapu na likizo. Sharti lake moja tu: tusiende kama tunapeleka mzigo. Kwanza tukale raha Musoma kwa shangazi yangu, ndipo turudi tushike njia ya Bukoba. Siku kumi za kiangazi, barabara kavu, ziwa pembeni. Poa kabisa! Lakini tulipokaa kupanga, nikagundua kila swali linaanzia kwa Bosi.

La kwanza ni sindano. Kichaa cha mbwa si mchezo ndugu yangu. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Kwa hiyo Bosi alichanjwa mapema, na cheti kiko kwenye bahasha pamoja na leseni ya mshkaji. Usichanje leo ukaondoka kesho, kinga inataka wiki kadhaa. Na ukiwa kwa daktari wa mifugo, uliza kabisa kuhusu kibali cha kumtoa mnyama mkoa mmoja kwenda mwingine. Kuuliza hakuna gharama. Na wewe mwenyewe ukiumwa na mbwa njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu kimbia hospitali. Usingoje kuona kama kidonda kitapona.

La pili lilituletea ubishi. Njia ya Musoma inapita Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, na karibu na Lamadi unapita ubavuni mwa Serengeti, kwenye lango la Ndabaka. Mshkaji akasema, "Tuingie kidogo, Bosi awaone simba." Nikamwambia acha masihara, mbwa wa nyumbani haruhusiwi hifadhini, na sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaoitwa distempa uliingia Serengeti na kuua kama theluthi moja ya simba wote, karibu simba 1,000. Wataalamu walipofuatilia, chanzo kikaonekana ni mbwa wa vijiji vya jirani. Ndiyo maana baadaye mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa kwa wingi. Unaona? Simba anaangushwa na mbwa koko, tena bila hata kung'atwa! Bosi kachanjwa na hiyo pia, lakini lango tutalitazama tukiwa barabarani.

La tatu nalisema kwa aibu. Mwaka jana tulikwenda na Bosi hadi Lamadi. Saa saba mchana tukaingia mgahawani kula sato, yeye tukamfungia ndani ya pikapu, vioo juu. Tulikaa kama nusu saa. Tuliporudi ulimi uko nje, macho yamelegea, anayumba kama mlevi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Tukambeba kivulini, tukammwagia maji ndoo mbili. Alipona, lakini mimi yule sato sikumla tena. Safari hii tunaondoka alfajiri, tunapumzika saa za jua kali, na dumu la maji ni la Bosi peke yake. Chakula chake ni dagaa na ugali. Miiba ya sangara hapana, inaweza kumkwama kooni.

La nne ni malazi. Gesti nyingi ukifika na mbwa wanakuonyesha mlango. Shangazi naye ni mtu wa swala tano, mate ya mbwa kwake ni najisi. Nilimpigia mapema kumwomba ruhusa. Akasema, "Mlete mwanangu, lakini alale uani na aje na sahani yake." Sahani ipo, mnyororo upo. Usimshtukize mwenyeji wako na mbwa, hata kama mnapendana vipi.

Baada ya hapo tutageuza, tupite Usagara hadi Kigongo. Zamani hapo ulipanga foleni ya kivuko, na mbwa kati ya malori na mbuzi ni kelele tupu. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita tatu juu ya maji hadi Busisi. Kisha Sengerema, Geita, Muleba, hadi kwa babu.

Tumepanga mafuta, maji, dawa ya kupe, hata blanketi lake kuukuu. Jana usiku mshkaji akaniuliza, "Na kurudi je?" Nikakaa kimya. Kurudi tutakuwa wawili.

Basi, kama na wewe unampango wa kutoka na mbwa wako kiangazi hiki, anza kwa daktari wa mifugo, siyo kwa fundi gari. Na kama una chumba cha kupanga hapa mjini chenye ua, na mwenye nyumba haogopi mbwa, fanya haraka. Tunaondoka Jumamosi.