Mwenye Nguvu na Ajuaye Kugeuka

Vijana wa hapa Msimbati hubishana juu ya mabondia wawili wa Uganda, John Mugabi na Ayub Kalule, ni yupi aliyekuwa bora. Nami nimeulizwa, basi najibu.

Mugabi alikuwa na ngumi za kutisha. Alipata nishani ya fedha huko Moscow mwaka 1980, na tangu hapo hakuna mpinzani aliyesimama naye hata kengele ya mwisho, mpaka Machi 1986. Siku ile Marvin Hagler hakuanguka. Nguvu iliposhindwa kumaliza kazi, Mugabi hakuwa na njia ya pili. Akaangushwa raundi ya 11. Lakini tusimdharau, maana mwaka 1989 alitwaa taji la dunia.

Kalule, mtu wa shoto, mwaka 1974 alishinda dhahabu mbili katika uzito wa namna mbili, Christchurch na Havana. Mwaka 1979 alipanda uzito tena, akapigana raundi 15 huko Japani, akawa bingwa wa dunia kwa alama. Sugar Ray Leonard alimshinda mwaka 1981. Hata hivyo mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya katika uzito wa kati.

Kwangu mimi Kalule ni bora. Mlangoni mwa Ruvuma mafungu ya mchanga huhama, na nahodha ajuaye mkondo mmoja tu hukwama. Vijana wetu wengi hutegemea korosho peke yake. Bei ikianguka, hukaa barazani. Heri wajifunze na kazi ya pili mapema.