Kocha Msaidizi Pia Anakula

Wasee, kuna Dallas mbili. Kuna ile ya Texas, halafu kuna yetu hapa Embu, mtaa ambao ukiutaja mbele ya mgeni lazima acheke kwanza. Leo naziweka pamoja juu ya kazi moja ambayo watu hawaiheshimu: kocha msaidizi wa timu ya vikapu ya wasichana chuoni.

Tuanze na ile ya mbali. Tarehe 2 Aprili 2023, fainali ya wanawake ya vyuo vikuu vya Marekani ilichezwa Dallas, Texas. LSU walipiga Iowa 102 kwa 85. Kila mtu alikuwa anabishana kuhusu Angel Reese na Caitlin Clark, ama akiangalia nguo za kumetameta za kocha wa LSU, Kim Mulkey. Sasa shika hii: Mulkey alikaa kiti cha msaidizi miaka 15, kuanzia 1985 hadi 2000, pale Louisiana Tech, chuo alichokuwa amechezea. Walichukua ubingwa 1988 yeye akiwa msaidizi tu. Baylor walipompa timu yake mwaka 2000, alibeba kombe 2005, 2012 na 2019, halafu akaongeza hilo la Dallas na LSU.

Na si kila msaidizi anangoja kupanda. Lisa Boyer alikuwa kocha wa Dawn Staley miaka ya 90, Staley akiwa bado mchezaji. Baadaye mambo yakageuka. Staley akawa kocha mkuu, na Boyer akakubali kuwa msaidizi wake. Walienda South Carolina pamoja 2008, na wamechukua ubingwa 2017, 2022 na 2024. Mtu alikuwa bosi wako, sasa anakusaidia, na hakuna anayesema ameshuka.

Unajua kwa nini inawezekana? Kwa sababu kule hicho kiti ni kazi. Kina mshahara. Mtu analipa nyumba nacho.

Sasa rudi Dallas yetu. Nina rafiki tuliyekua naye mtaani, anasaidia kufundisha timu ya wasichana ya chuo fulani, sikitaji. Saa kumi na moja jioni yuko uwanjani. Yeye ndiye anawafundisha wale warefu kugeuka na mpira bila kusafiri. Anaangalia video za wapinzani kwa simu yake, kwa bando yake. Mchezaji akikosa mazoezi siku mbili, yeye ndiye anampigia, na mara nyingi anakuta ni karo ama ni mambo ya nyumbani. Mwisho wa mwezi anapewa nauli. Wakisafiri kwa mechi, anapata nauli na chakula. Mathe yake anamuuliza kila wikendi, "Hiyo ni kazi ama ni kujitolea?" Na hana jibu. Juzi ameitiwa kazi ya kuuza kwa hardware. Anafikiria kuichukua, na mimi siwezi kumwambia aikatae.

Hapo ndipo naudhika. Tunapenda sana kushangilia mtu akishafika. Madina Okot alichezea Zetech Sparks kabla ya kwenda Mississippi State 2024, halafu 2025 akahamia South Carolina, kwa hao hao Staley na Boyer. Sote tuliposti bendera. Lakini huyo ni dada aliyeanzia voliboli! Kuna mtu hapa Kenya aliyekaa naye akamwonyesha miguu iende wapi, mikono iende wapi. Urefu unazaliwa nao, lakini kucheza unafundishwa.

Halafu angalia benchi za timu zetu za wanawake. Makocha wakuu wengi ni wanaume. Watu husema wanawake hawajitokezi. Aki wanajitokeza! Shida ni kwamba mlango wa kuingilia ni hicho kiti cha msaidizi, na kiti hakilipi. Mwenye anaweza kukaa miaka mitano bila mshahara ni mwenye ana mtu wa kumlisha. Wengine wanaenda kuuza misumari, na kazi ya kocha mkuu ikitangazwa tunauliza, "Mbona hakuna mwanamke ameomba?"

Najua mtasema vyuo havina pesa. Sawa, sisemi walipwe kama Texas. Nasema kuwe na barua ya kazi, kuwe na kiasi kinachojulikana kila mwezi hata kama ni kidogo, na mtu apelekwe kozi za ukocha na chuo kilipie. Ukiwa na cheti na barua, hata chuo kingine kinaweza kukuchukua. Bila hivyo, miaka yako minne uwanjani hakuna mahali imeandikwa.

Kwa hivyo kama uko chuo, iwe Embu, Chuka, Meru ama kwingine, angalia ile karatasi ya karo. Ukiona kuna ada ya michezo, uliza viongozi wenu wa wanafunzi inalipa nini. Uliza kwa adabu lakini uliza kwa maandishi. Na timu ya wasichana ikicheza, nenda uwatazame. Yule dada wa pembeni mwenye kijitabu na filimbi, mwambie asante kwa jina lake. Kisha urudi kwa hiyo barua, kwa sababu asante hailipi kodi.