Noti za Zaire za Baba mdogo: tulivyotafuta bei yake

Nimekaa hapa Kampala wiki tatu sasa, nikitokea Nakivale ambako najitolea, nimekuja kumsaidia Baba mdogo kuuza makaratasi yake. Nikisema makaratasi nina maana ya noti za Zaire, 31 kwa jumla, zimelala kwenye faili ya plastiki tangu alipotoka Bukavu mwaka 2004. Anatafuta ada ya binti yake, muhula unakaribia. Mnunuzi mmoja alikuja, akazifunua dakika tano tu, akasema shilingi 60,000 kwa zote. Mzee alikuwa karibu kukubali. Nikamwomba tungoje kwanza tujue tuna kitu gani mkononi. Naandika kwa sababu najua nyumba zetu nyingi zina faili kama hiyo.

Aliyetufungua macho ni binamu yetu aliyepewa makazi Canada. Huko watu wanakusanya kadi za wachezaji wa hoki, ule mchezo wa kwenye barafu. Ni kadi ndogo, mbele ina picha ya mchezaji, nyuma maelezo yake, zamani watoto walizipata kwenye pakiti za bazoka. Binamu akatutumia picha ya kadi ya Wayne Gretzky ya mwaka 1979, iliyotolewa na O-Pee-Chee, ambayo mwaka 2021 iliuzwa dola milioni 3.75. Mzee akacheka, akasema huyo mnunuzi amerogwa. Lakini sababu ndiyo hii: kampuni moja ya Marekani, PSA, inapima kadi kwa gredi ya 1 mpaka 10. Inaangalia pembe nne, kingo, uso wa kadi na kama picha imekaa katikati. Kisha wanaifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba yake. Kadi hiyo ya Gretzky iko kwa wingi, ila zilizopata 10 toka PSA ni mbili tu. Ile ile kadi, sura ile ile, lakini pembe zikiwa zimechakaa, unapata sehemu ndogo sana ya pesa hiyo. Wengine hukusanya seti nzima ya mwaka mmoja, na hapo kadi moja mbovu au inayokosekana inashusha seti yote.

Msidhani gredi ni neno la Mungu. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya besiboli, ya Honus Wagner, ambayo Gretzky mwenyewe na mwenzake waliinunua mwaka 1991 kwa dola 451,000. Ilipewa 8. Mwaka 2013 muuzaji wake wa zamani akakiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane safi. Gredi ikapita juu ya kadi iliyokatwa! Mi hapo ndipo nilipoacha kuogopa hao wapimaji.

Kwa noti kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo hiyo. Inayojulikana sana ni PMG, ya Florida, iliyoanza mwaka 2005. Wao wanahesabu mpaka 70. Noti ambayo haijawahi kukunjwa inakwenda juu ya 60, noti iliyozunguka sokoni inaanguka kwenye 20 na 30, na ikiwa na tundu la pini au imechanika wanaandika kabisa kwenye lebo. Noti iliyopigwa pasi wanaigundua. Iliyooshwa wanaigundua. Sasa hapa Kampala tunavyopenda kulaminisha kila kitu, nawaombeni: noti msilaminishe. Karatasi ya mkimbizi laminisha ukitaka (hata hiyo kuna ofisi zinaikataa), ila noti ukishaipitisha kwenye ile mashine umeiua. Na utepe wa gundi usibandike kamwe.

Basi tukazitandaza mezani. Pesa ya zaire ilianza mwaka 1967, na wakati huo zaire 1 ilikuwa dola 2 za Marekani. Zaire 1 ilikuwa makuta 100, na mpaka leo kuna wazee wetu wanaoita pesa makuta. Baba mdogo aliuza vitenge Bukavu, na kila noti mpya ilipotoka aliweka moja pembeni. Ndo maana faili yake inasomeka kama historia: noti ya zaire 50, halafu 100, 500, 1,000, halafu 5,000, halafu 10,000. Mwaka 1991 kuna ya 50,000 yenye sokwe nyuma. Mwaka 1992 tayari kuna ya milioni 5. Kwenye zote ni Mobutu yule yule na kofia yake ya chui, anazidi kuzeeka na sifuri zinaongezeka.

Hiyo ya milioni 5 ndiyo mnunuzi alisema ni takataka. Kwa bei ya mtandaoni hajadanganya sana, nzuri kabisa unaipata kwa dola chache. Ila nayo ina mambo yake. Januari 1993 wenye maduka Kinshasa waliikataa, wanajeshi waliolipwa nayo wakaanza kupora, na watu wengi wakafa, balozi wa Ufaransa akiwemo. Oktoba mwaka huo huo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai wakaikataa hiyo mpya, wakaendelea na za zamani. Ya milioni 5 ya Baba mdogo imekunjwa mara tatu, ina doa la mawese, kwa sababu bibi yetu aliifunga kwenye pindo la kitenge. PMG wakiiona ni noti mbovu. Nayo ni kweli ni mbovu, wao wanapima karatasi, si kazi yao kupima pindo la kitenge.

Hapo nikaona jinsi ya kufanya. Tukatenga mafungu mawili. Ambazo hazijakunjwa, za kulia kama biskuti ukizigusa, zilikuwa 12. Zilizokunjwa zilikuwa 19. Kuzipeleka Marekani kupimwa hakuna maana: ada ya kupima, posta na bima toka Kampala vinazidi bei ya noti zenyewe. Kupima kunalipa ukiwa na noti adimu. Kwa hiyo tulizipima wenyewe, kwa taa ya simu, upande upande, kutafuta mikunjo, tukapiga picha mbele na nyuma, tukalinganisha na noti zilizokwisha kuuzwa. Nasema zilizokwisha kuuzwa, siyo zile ambazo mtu ametangaza tu bei ya kuota. Na mtu akikwambia tuma kwanza pesa ya usajili ndo akutafutie mnunuzi Ulaya, funga simu.

Mama mwenye nyumba alipotukuta na hizo noti alikimbia chumbani akarudi na zake za Idi Amin, za mwaka 1973. Akatueleza ya 1987, shilingi 100 za zamani zilipogeuka 1 mpya na serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Akasema, "Nyie mlidhani ni kwenu tu?" Zake zote zimekunjwa.

Zile 12 tumeziuza kwa mtu mwingine, moja moja, kila moja na bei yake, zikafika shilingi 150,000. Ada haijatimia, nusu yake bado, na Mzee amechukua kazi ya usiku ya kulinda duka ili kufidia. Zile 19 amezirudisha kwenye faili, nikamnunulia mifuko safi ya plastiki isiyo na gundi. Katika hizo anakosa moja anayoitaja kila siku, ya zaire 20,000 ya mwaka 1991. Mwenye nayo aniandikie, hata ikiwa imekunjwa.