Boga na Ua Lake

Wahenga walinena kwamba ukipenda boga, upende na ua lake. Methali hii huzoeleka katika nasaha za ndoa, lakini mnamo mwaka wa 2008 ilisadifu siasa za jimbo la Ohio, nchini Marekani. Hillary Clinton alikuwa akishindana na Barack Obama katika mchujo wa urais wa chama cha Democratic.

Hillary alikuwa seneta tangu mwaka wa 2001. Hata hivyo, alipojinadi kuwa na tajriba kuu, alihesabu pia miaka minane aliyoishi Ikulu akiwa mke wa Rais Bill Clinton. Ustawi wa uchumi wa enzi hiyo ndio uliokuwa boga. Ua lake lilikuwa NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko. Bill Clinton alitia sahihi sheria ya kuutekeleza mnamo Desemba 1993, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1994.

Mkataba huo uliondoa ushuru wa forodha hatua kwa hatua. Mnunuzi alipata bidhaa kwa bei nafuu, na mkulima wa mahindi wa Marekani akapanuliwa soko. Lakini mwenye kiwanda naye aliweza kuhamia Meksiko, kwenye ujira mdogo, kisha akauza bidhaa zake kule kule alikotoka. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu idadi ya kazi zilizopotea. Aliyefungiwa lango la kiwanda hakungoja hesabu yao.

Hillary aliukosoa mkataba na kuahidi kuujadili upya. Alishinda Ohio tarehe 4 Machi 2008. Majuma mawili baadaye, kumbukumbu za ratiba yake ya Ikulu zilitolewa hadharani, zikaonyesha kwamba mnamo Novemba 1993 alihudhuria kikao cha kuupigia debe mkataba uo huo. Mwaka wa 2016 Donald Trump alimtwisha tena mzigo huo, na Ohio ikampa Trump kura.

Je, ni haki mke kuhukumiwa kwa sahihi ya mumewe? La hasha, iwapo alikuwa mke tu. Lakini aliyeiita miaka ile tajriba yake hawezi kuigawa, mavuno akajitwalia, magugu akamwachia mwenzake. Mkataba wenyewe ulirithiwa na mwingine tarehe 1 Julai 2020. Swali lilibaki.