Mama Fildi

Jina hilo nilipewa na wanafunzi. Kwenye barua ya ajira ya mwaka 1995 niliandikwa Afisa Mafunzo kwa Vitendo, katika chuo kimoja cha biashara jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia vijana mahali pa kufanyia fildi wakati wa likizo ndefu, kugonga mihuri kwenye barua zao, na kupokea madaftari yao waliporudi. Kuwatafutia ajira hakukutajwa popote. Ajira ilikuwa shughuli ya serikali.

Au tuseme iliwahi kuwa. Waliotutangulia walimaliza chuo wakapangiwa: jina linatoka kwenye orodha, wewe Bodi ya Kahawa Moshi, wewe Mwatex Mwanza, wewe Shirika la Taifa la Usagishaji, fungasha uende. Wakuu wa idara zetu karibu wote waliingia kazini kwa mlango huo, na ndiyo maana hawakuelewa kwa nini vijana wa miaka ya tisini walikuwa wakirudi chuoni mwaka mzima baada ya mahafali kuuliza kama kuna lolote. Mashirika yalikuwa yanauzwa au yanafungwa chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyokuwa imemeza wahitimu wetu kwa miongo miwili, ikagawanywa mwaka 1997. Sisi tuliendelea kufundisha kana kwamba orodha itatoka.

Badala ya orodha ikaja bahasha ya kaki. Aliyeishi Dar es Salaam miaka ile anaifahamu: ndani kuna barua ya maombi, CV, na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri na wakili, kila muhuri kwa pesa yake. Kijana anaanzia Posta, anapita Samora yote, anashuka hadi viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere. Getini anapokelewa na mlinzi, na mlinzi ndiye aliyeamua bahasha ipi ipande ghorofani na ipi ifungiwe vitumbua. Nilizoea kuwaambia wasikasirike naye. Msalimieni vizuri, muulizeni jina la meneja utumishi, liandikeni. Jina hilo lilikuwa na thamani kuliko nusu ya yaliyoandikwa kwenye CV.

Kitu kilichonifungua macho kilikuwa rejesta yangu mwenyewe. Niliongeza safu moja: nafasi hii ya fildi uliipataje? Majibu yalijirudia hadi ikawa aibu kusoma. Mjomba. Baba mdogo. Shemeji yake dada. Mzee wa kanisa. Rafiki wa baba msikitini. Waliotoka Kibondo, Newala na Mpwapwa, wasio na ndugu mjini wa kumpigia mtu simu, safu yao ilikuwa tupu, na wengi waliishia kufanya fildi kwenye ofisi ya kata, wakichapa barua za wengine. Miaka miwili baadaye nikilinganisha majina, walioajiriwa mapema walikuwa wale wale wenye wajomba. Mwajiri hakuwa amependelea mtu siku ya usaili. Alimchukua kijana aliyemwona miezi miwili akiwahi kazini na kufunga hesabu za mwezi bila kusimamiwa, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Nchi nzima ilikuwa inapigia kelele vimemo vya ajira. Kimemo chenyewe kilikuwa kimeshaandikwa mwaka wa pili wa masomo, na hakuna aliyekiona.

Basi nikaamua chuo kiwe mjomba wa wasio na mjomba. Naweza kuliita jambo hilo kwa majina ya heshima zaidi, lakini ndivyo lilivyokuwa. Nilianza na watu wetu wenyewe. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilipotoa matokeo ya mitihani yake, nilikaa na majina ya waliofaulu na kalamu nyekundu, natafuta yale niliyoyagongea muhuri. Kisha naulizia yuko wapi huyu siku hizi. Yuko bandarini, yuko kiwanda cha bia, yuko kwa wakaguzi pale mtaa wa Ohio. Nikienda namkuta ana meza yake na kiyoyozi. “Shikamoo Mama.” Marahaba mwanangu, nina vijana wawili, sitaki uwaajiri, nataka uwape kiti na kazi halisi hadi Septemba. Wachache sana walikataa. Mtu aliyetembea na bahasha hasahau upesi.

Kampuni za ukaguzi ndizo zilizokuwa za kwanza kuja chuoni zenyewe, na sababu yake ni kalenda. Makampuni mengi hufunga hesabu Desemba 31, kwa hiyo kuanzia Januari wakaguzi wanahitaji mikono mingi ya kuhesabu bidhaa maghalani na kulinganisha ankara. Wanataka vijana, wanawataka wengi, na wanawataka kabla ya Krismasi. Walikuja na mtihani wao: majedwali, asilimia, uwiano, dakika chache, jibu moja kati ya manne. Vijana wetu waliozoea maswali ya saa tatu yenye “jadili” walianguka kama maembe. Wahadhiri wakasema mtihani ni wa kizungu. Sikukubaliana nao. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilikuwa limeanza, TOL ikiwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa, na bei zilitoka magazetini. Alhamisi jioni nilibandika jedwali ubaoni, naweka saa ya jikoni mezani: bei imepanda kwa asilimia ngapi, thamani ya kampuni yote sasa ni kiasi gani, haraka. Darasa hilo halikuwa kwenye mtaala, na ndilo lililojaza watu hadi madirishani.

Usaili ulikuwa na ugumu wa aina nyingine. Kijana anaambiwa, tueleze kuhusu wewe, naye anaeleza kama alivyofundishwa nyumbani: mimi ni mtoto wa tatu kati ya saba, kwetu ni Kasulu, baba ni mkulima. Wasaili wanamtazama, hawaandiki kitu. Hajakosea hata kidogo. Ndivyo mtu mwenye adabu anavyojitambulisha mbele ya wakubwa, na kujisifu mbele yao ni utovu wa malezi. Nilishauriwa niwafundishe kujiuza. Wataalamu wa kutoka nje walikuja na semina zao, vijana wakatoka wamekariri kwamba wao ni wachapakazi, waaminifu na wanaopenda changamoto, wote kwa maneno yale yale. Mimi niliwaambia waache sifa, wasimulie kazi. Ulifanya nini, kwa kiasi gani, kikatokea nini.

Binti mmoja wa Kigoma alisema hana uzoefu wowote. CV yake ilikuwa na shule na wadhamini watatu, basi. Nikamuuliza likizo huwa anafanya nini. Anamsaidia mama yake dagaa. Unamsaidiaje? Hapo akafunguka. Mama anakausha na kuuza kwa magunia, wanunuzi wanasafirisha kwa treni na kulipa baadaye, yeye ndiye mwenye daftari la madeni tangu kidato cha pili. Mapato yao yanafuata mwezi: wakati wa mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, kwa hiyo kuna siku kadhaa pesa haiingii kabisa, na masika yanaongeza hasara kwa kuozesha kilichoanikwa. Nikamwambia aandike yote hayo, ukurasa wa kwanza, juu ya shule. Aliona haya. Kwenye usaili wa benki wakamuuliza kuhusu mikopo midogo, naye akawaeleza kwa nini marejesho ya kila wiki yangemfilisi mama yake na ratiba ya kufuata giza ingemfaa. Alianza kazi mwezi uliofuata, idara ya mikopo.

Miaka ya simu za mkononi ilileta kelele na nafasi nyingi, ila wazazi hawakuzipenda. Sikumsomesha mwanangu uhasibu akauze laini, mama mmoja aliniambia ofisini kwangu, akiwa amekuja na kijana mwenyewe ambaye hakusema neno. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2008, waliokuwa wakizunguka na vocha tayari waliwajua mawakala mtaa kwa mtaa. Wengi wao ndio waliopewa mikoa kusimamia. Yule kijana sijui kama alikuwa miongoni mwao. Mama yake alimhamishia kwa kaka yake, idara ya serikali.

Sasa niseme la wasichana, ambalo kwenye mikutano ya chuo lilikuwa likipewa dakika tano mwishoni, baada ya mengineyo. Binti anapigiwa simu: nafasi ipo, njoo tuonane saa moja jioni, hoteli fulani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 25, lakini binti wa miaka ishirini na moja anayehesabu nauli ya daladala kutoka kwenye bumu lake haendi TAKUKURU peke yake. Ofisi yangu ikaweka masharti: hakuna usaili nje ya ofisi, hakuna baada ya saa kumi, na simu zote zipitie kwetu. Kampuni moja kubwa, yenye jina zuri na kalenda nzuri za ukutani, nilipoipelekea masharti hayo iliacha kuleta barua. Mkuu wangu alisikitika kuipoteza. Mimi sikusikitika.

Halafu ikaja Juni 2014. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, walioitwa kwenye usaili wakazidi 10,000, na mahali pekee pa kuwatosha pakawa Uwanja wa Taifa. Picha zilienda nchi nzima: wahitimu wamejaa majukwaani kama siku ya Simba na Yanga. Baadhi walikuwa wangu. Baada ya hapo chuo kikapata hamasa ghafla, nikaletewa bajeti ambayo sikuwahi kuiota, kwa ajili ya siku ya ajira: mahema, muziki, mabango, mgeni rasmi. Tuliifanya. Vijana walipiga picha na kubeba kalamu za bure, makampuni yakapokea rundo la CV, na nadhani nyingine zililala humo humo kwenye mahema. Ningepewa pesa zile tena, ningewalipia nauli na chakula watoto wasio na mkopo ili wakae fildi miezi miwili kamili badala ya kuikimbia wiki ya tatu. Niliandika hivyo kwenye ripoti. Mwaka uliofuata mahema yakaongezwa.

Nilistaafu 2021, nikiwa na miaka 60. Ofisi sasa ina jina refu, kompyuta sita, na vijana wanaosaidia wenzao kupakia vyeti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Simu yangu haijastaafu. Karibuni alinipigia mmoja wa watoto wangu wa zamani wa Kibondo, siku hizi mkurugenzi wa fedha wa kampuni inayojulikana. Ana mpwa wake yuko mwaka wa pili. Je, nisingeweza kumwambia yule binti aliyenirithi amtazame kwa jicho la upole? Nikamkumbusha kwamba darasa la Alhamisi bado lipo, aje apange foleni. Akacheka, akasema Mama hubadiliki. Mpwa alikuja, mtihani wa hesabu ukamshinda mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu akapita, akapelekwa fildi Kahama kwa muuza vipuri vya malori ya mgodini. Naambiwa ameshapanga upya stoo yote na hataki kurudi chuoni. Mjomba ananilaumu mimi.