Chomoa Emuleta Mapema



Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, mradi wangu ulikuwa kipimo cha maji kwenye tangi. Maji yakipanda, tarakimu zibadilike. Kazi ya kufikiri niliipa mikrokontrola ya aina ya 8051, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja yenye miguu 40.

Maabara ilikuwa na emuleta. Kifaa hiki huchomekwa mahali pa chipu, kikaendesha programu ileile, nawe ukaweza kuisimamisha hatua kwa hatua na kutafuta kosa. Niliitumia wiki tatu. Tarakimu hazikukosea hata mara moja.

Siku moja kabla ya kusahihishiwa, nikaichomoa na kuweka chipu yenyewe. Tarakimu zikaruka ovyo. Nikigusa saketi kwa kidole, zinabadilika. Programu ilikuwa ileile, neno kwa neno. Usiku ule sikulala.

Kosa lilikuwa la umeme. Katika 8051, miguu minane ya poti 0 inaweza kushusha volteji hadi karibu na 0, lakini inapotumika kama mitoko ya kawaida haiwezi kuipandisha hadi volti 5. Mguu ukiambiwa utoe 1, unaachia tu, na waya unabaki unaelea. Ni kazi yako kuweka rezista kati ya mguu huo na volti 5. Mimi sikuweka. Emuleta yetu ilikuwa na rezista zake ndani, zikanibeba kimyakimya. Ilitumia pia umeme wake na saa yake, kwa hiyo hata betri yangu sikuwa nimeipima.

Nikafunga rezista nane, kila moja omu 10,000. Mguu ukishusha volteji, Kanuni ya Ohm inatupa mkondo:

I = V/R = 5/10,000 = ampia 0.0005

Hiyo ni miliampia 0.5 tu, chipu inaumudu. Kulipokucha, kipimo kikafanya kazi.

Sasa nikuulize. Unapokokotoa maswali ya kitabu hiki na kupata yote, nani anakubeba? Daftari lililo wazi pembeni? Rafiki anayekunong'oneza kanuni? Majibu ya kurasa za nyuma? Vyote hivyo ni rezista za kuazima, na siku ya mtihani zitabaki nje ya mlango.

Sisemi uviache. Bila emuleta nisingemaliza programu yangu. Kosa langu ni kuichomoa siku ya mwisho. Kwa hiyo, kila Jumamosi chukua mtihani mmoja wa miaka iliyopita, funga daftari, weka saa mezani, ufanye peke yako. Ukikwama, tia alama uendelee. Ukimaliza ndipo ufungue daftari: penye alama ndipo panapokosa rezista, na bado una muda wa kuiweka.